Tusiutazame moshi wa volkano, tuulize kiberiti chake

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Sina ugomvi na wahenga, maana methali hiyo imetufaa mashambani na katika insha za watoto wetu kwa miaka mingi. Hata hivyo, leo nataka kumwonyesha msomaji wingu ambalo si dalili ya mvua hata kidogo. Wingu hilo likitanda, mvua yaweza kupungua katika nchi iliyo mbali nalo kwa maelfu ya kilomita, na wakulima wa nchi hiyo wasijue kamwe ni nini kilichowasibu.

Nilianza kulifikiria wingu hili kwa sababu ya swali la mtoto. Tarehe 23 Novemba 2025 mlima uitwao Hayli Gubbi, ulioko katika jimbo la Afar nchini Ethiopia, ulilipuka na kurusha jivu angani hadi kimo cha kilomita 14 hivi. Jivu hilo lilivuka Bahari ya Shamu, likapita juu ya Yemen na Oman, kisha likafika Pakistan na kaskazini mwa India, ambako safari kadhaa za ndege zilifutwa. Katika muhula uliofuata, mwanafunzi wangu mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha alinijia ofisini akiwa na uso wa mtu aliyeshindwa.

"Mwalimu," aliniambia, "nimeulizwa swali darasani nikakosa jibu. Mtoto mmoja alitaka kujua kama jivu la Ethiopia ndilo lililotunyima mvua."

"Nawe ukamjibu nini?"

"Nilimwambia akamwulize mwalimu wa Jiografia."

Nilicheka, kisha nikaona haya. Mwanafunzi wangu anafundisha Kiswahili. Swali aliulizwa kwa Kiswahili, tena kwa ufasaha, naye akalisukuma hadi kwenye somo linalofundishwa kwa Kiingereza, kana kwamba lugha yetu ni ya hadithi na mashairi tu na haina haki ya kuuliza habari za mvua. Lakini ningemlaumu vipi? Mimi mwenyewe ni mtu wa isimu. Nina shahada ya uzamifu, na bado siku ile sikuwa na jibu bora kuliko lake. Nilimwomba anipe muda. Nikaenda kusoma, nikawasumbua wenzangu wa idara jirani, na makala haya ndiyo malipo ya deni langu kwa mtoto yule nisiyemjua.

Jibu fupi ni la, jivu la Ethiopia halikutunyima mvua. Upepo ulilichukua mashariki, mbali nasi, na mlipuko wenyewe haukutoa kiasi cha kutosha cha kile kitu kinachobadilisha mvua. Lakini mtoto hakuuliza upuuzi. Zipo volkano zilizowahi kuwanyima mvua watu wa bara hili, na zilikuwa mbali zaidi kuliko Afar. Ili tulielewe jambo hili, yafaa tuanze na maneno, maana ndiyo kazi yangu, na maneno ndiyo yaliyotupotosha.

Tunasema kwamba volkano inatoa moshi na jivu. Moshi ni zao la kitu kinachoungua, na jivu ni mabaki ya kuni. Ndani ya mlima hakuna kuni. Kile tunachokiita jivu la volkano ni mawe yaliyosagika yakawa unga, pamoja na chembe za kioo zenye makali. Tusijilaumu sana, kwa kuwa Waingereza nao huliita jivu, na walianza kukosea kabla yetu. Kosa hili lina madhara kwa sababu linatufanya tutazame kisichohusika. Jivu hutisha macho, huzima injini za ndege, huangusha paa za nyumba na kuua mifugo. Lakini ni zito. Sehemu yake kubwa huanguka katika muda wa siku au majuma machache. Haliwezi kubadilisha hali ya hewa ya dunia kwa mwaka mzima.

Kitu chenye uwezo huo hakionekani kwa macho. Ni hewa ya salfa. Na hapa ndipo Kiswahili kinapojitetea, kwani salfa tunayo zamani katika lugha yetu, tena kila nyumba inalitumia jina lake. Neno kiberiti limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili si kile kijiti tunachowashia jiko, bali ni salfa yenyewe. Vijiti vya moto viliitwa hivyo kwa sababu vilitengenezwa kwa salfa. Wazee wetu waliojipaka kiberiti upele ili kutibu ngozi walikuwa wakiitumia maana hiyo ya kale, na msomaji anayeijua habari ya kuangamizwa kwa Sodoma katika Biblia ya Kiswahili amelikuta neno hilo humo kwa maana iyo hiyo. Basi mwalimu asione taabu kuwaambia wanafunzi wake kwamba mlima ukilipuka, wasiutazame moshi, wauulize kiberiti.

Tuchukue mifano miwili ili jambo hili liwe wazi. Tarehe 18 Mei 1980 mlima Saint Helens huko Marekani ulilipuka, ubavu wake mmoja ukaporomoka, na picha zake zikaonekana kote duniani. Ulitoa kiasi cha tani milioni 1 za hewa ya kiberiti, na hali ya hewa ya dunia haikubadilika kwa kiasi cha kupimika. Mwaka 1982 mlima El Chichón wa Mexico, ambao watu wengi nje ya nchi hiyo hawakuwahi kuusikia, ulilipuka na kutoa kiasi cha tani milioni 7. Picha zake hazikusambaa sana, lakini wingu lake la kiberiti liliizunguka dunia. Anayepima volkano kwa kutazama picha atausahau El Chichón.

Sasa kiberiti hicho hufanya nini? Mlipuko ukiwa na nguvu za kutosha, hewa hiyo hupanda hadi tabaka la juu liitwalo stratosfia, ambalo kwetu karibu na ikweta huanzia kilomita 17 hivi kutoka ardhini. Huko hakuna mvua ya kuiosha. Katika muda wa majuma machache hugeuka kuwa matone madogo mno ya asidi, madogo kuliko chembe ya unga, nayo husambazwa na upepo na kukaa huko mwaka mmoja, miwili, au zaidi kidogo. Matone hayo ni kama pazia jembamba lililowekwa kati yetu na jua. Mchana bado ni mchana na jua bado linawaka, lakini sehemu ndogo ya mwanga wake hurudishwa juu kabla ya kutufikia. Ile volkano isiyokuwa na nguvu za kufikia kimo hicho, hata ikitoa kiberiti kingi, huoshwa na mvua katika siku chache.

Hapo ndipo mvua inapoingia. Jua ndilo linaloyachota maji baharini na kuyapandisha kuwa mvuke. Ukipunguza mwanga wa jua, umepunguza pia maji yanayochotwa, na kwa jumla mvua ya dunia itapungua. Hilo ni jambo la kwanza.

Jambo la pili linahusu pepo, nasi watu wa Afrika Mashariki tunalijua bila kufundishwa. Kaskazi na kusi, pepo zilizoyaendesha majahazi kati ya Arabuni, Bara Hindi na pwani yetu kwa karne nyingi, huvuma kwa sababu nchi kavu na bahari hazipati joto kwa kasi moja. Nchi kavu hupata joto upesi na kupoa upesi, ilhali bahari hujikokota. Tofauti hiyo ndiyo inayouvuta upepo wenye unyevu kutoka baharini kwenda bara. Pazia la kiberiti likitanda, nchi kavu hupoa kuliko bahari, tofauti ile hupungua, na upepo hulegea. Napenda pia kuwakumbusha walimu kwamba neno monsoon wanalolikuta katika vitabu vya Kiingereza lina asili moja na neno letu msimu. Yote mawili yametoka katika neno la Kiarabu mawsim. Jambo hili si geni kwa lugha yetu, limerudi kwetu tu likiwa na koti la Kizungu.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Karibu na ikweta kuna ukanda wa mvua unaoizunguka dunia, nao hulifuata jua. Kati ya Juni na Septemba hupanda kaskazini ukanyesha Sahel na milima ya Ethiopia, kisha hurudi kusini. Sisi hutupitia mara mbili, ndiyo maana tuna masika na vuli. Ukanda huu huelekea upande wa dunia ulio na joto zaidi. Ikiwa volkano imelipuka kaskazini ya mbali na pazia lake likatanda kaskazini peke yake, upande huo hupoa, na ukanda wa mvua husita kupanda. Wanaoungojea huko juu huungoja bure.

Msomaji atauliza kama haya yamewahi kutokea au ni hesabu za karatasini tu. Yametokea. Tarehe 8 Juni 1783 ardhi ilipasuka huko Laki, nchini Iceland, na kwa muda wa miezi minane ikatapika uji wa moto pamoja na kiasi cha tani milioni 120 za hewa ya kiberiti. Kondoo na ng'ombe wa Iceland walikufa kwa wingi, na njaa iliyofuata pamoja na maradhi yakamaliza takriban mtu mmoja katika kila watano wa kisiwa hicho. Habari hiyo imo katika vitabu vingi. Ambayo haijulikani sana ni kwamba katika miaka ya 1783 na 1784 Mto Nile haukufurika ipasavyo. Mafuriko ya Nile hutegemea hasa mvua za milima ya Ethiopia, na mvua hizo zilikuwa haba. Msafiri Mfaransa aitwaye Volney, aliyekuwa Misri wakati huo, aliandika habari za njaa aliyoiona, akakadiria kwamba nchi ilipoteza sehemu moja ya sita ya watu wake kwa kufa na kuhama. Mwaka 2006 wataalamu wa hali ya hewa waliiga mlipuko wa Laki katika kompyuta, na kompyuta ikaonyesha yale yale: mvua za Afrika kaskazini ya ikweta zililegea, na maji ya Nile yakapungua.

Hebu mfikirie mkulima wa Misri wa mwaka 1784. Alisimama kandokando ya mto akaona maji hayapandi. Huenda alidhani ni adhabu ya Mungu au uzembe wa watawala. Hakuwa na njia yoyote ya kujua kwamba chanzo chake ni ufa katika ardhi ya kisiwa chenye barafu, ambacho hata jina lake hakuwahi kulisikia.

Mwanafunzi mwerevu atauliza tena: tunajuaje? Tunajua kwa sababu dunia ina madaftari yake. Kiberiti kinachoanguka kutoka juu hudondokea pia kwenye barafu ya Greenland, nayo hufunikwa na theluji ya mwaka baada ya mwaka, tabaka juu ya tabaka. Wataalamu huitoboa barafu hiyo, wakatoa mhimili wake na kuusoma kama tunavyosoma kurasa. Misri nayo ilikuwa na daftari lake, kwa kuwa watu wake walipima kimo cha mto tangu enzi za mafarao, na kipimo kilichojengwa kisiwani Roda, jijini Cairo, katika karne ya 9 kingali kimesimama. Mwaka 2017 wanahistoria Joseph Manning na Francis Ludlow, pamoja na wenzao, walilinganisha habari za barafu na habari za Misri ya kale. Waligundua kwamba katika miaka ya milipuko mikubwa Nile ilielekea kupungua, na kwamba maasi dhidi ya wafalme yalielekea kuzuka katika vipindi hivyo. Mto ukipungua, kiti cha mfalme nacho hutikisika.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na kizazi chetu. Mwezi Juni 1912 volkano ya Novarupta, karibu na mlima Katmai huko Alaska, ililipuka kwa nguvu kuliko nyingine yoyote ya karne ya 20. Mwaka 1913 ukanda wa Sahel ulipata ukame mkali na njaa ikafuata, na maji ya Nile mwaka huo yalikuwa machache mno. Mwaka 2013 James Haywood wa Uingereza na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya mvua za Sahel tangu mwaka 1900. Waligundua kwamba katika miaka minne iliyokuwa mikavu kupita yote, mitatu ilitanguliwa na milipuko mikubwa ya upande wa kaskazini wa dunia. Miongoni mwa milipuko hiyo umo ule wa El Chichón ambao hakuna aliyeutazama.

Wala asidhani mtu kwamba volkano huleta ukame kila mahali. Mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka Aprili 1815, na mwaka 1816 watu wa Ulaya magharibi waliuita mwaka usiokuwa na kiangazi. Mvua ilinyesha mfululizo, ngano ikaoza shambani, mkate ukapanda bei na watu wakafanya ghasia mitaani. Wakati huo huo mvua za msimu za Bara Hindi zilivurugika, na jimbo la Yunnan nchini Uchina likapata baridi na njaa. Mlima ni mmoja, pazia ni moja, lakini huyu anazama na yule anakauka. Kwa hiyo swali sahihi si kama volkano huleta mvua au hufukuza mvua. Yapo maswali matatu: kiberiti ni kiasi gani, kilipanda hadi wapi, na pazia lilitanda upande gani wa dunia?

Nalazimika kuweka tahadhari hapa, maana nimeona namna habari nusu zinavyoenea mitaani. Si kila ukame una volkano nyuma yake. Sehemu kubwa ya misukosuko ya mvua zetu hutoka baharini. El Nino ya mwaka 1997 ilitufunza jina lake kwa mafuriko, na ndugu yake La Nina hutuletea ukame. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2023 Pembe ya Afrika ilikosa mvua za misimu mitano mfululizo. Wapo waliodai kwamba chanzo ni volkano ya Hunga Tonga, iliyolipuka katika Bahari ya Pasifiki tarehe 15 Januari 2022. Lakini ukame ulikuwa umekwisha kuanza zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mlipuko huo, na mtoto hamzai mamaye. Isitoshe, Hunga Tonga ilirusha juu mvuke mwingi wa maji na kiberiti kidogo. Hata ukame wa Sahel wa miaka ya 1983 na 1984 haukuwa kazi ya El Chichón pekee, kwa kuwa bahari nazo zilikuwa na sehemu yake. Volkano ni mkono mmoja miongoni mwa mikono mingi inayoivuta kamba ya mvua.

Kufikia hapa msomaji aweza kuniambia: mwalimu, haya yote ni mazuri, lakini volkano haishauriwi wala haizuiliki, basi kuna faida gani kuwajaza watoto habari za milima ya mbali? Nami ningekubaliana naye, lau isingekuwa jambo moja. Wapo watu wanaofikiria kufanya kwa makusudi kile ambacho volkano hufanya kwa bahati mbaya.

Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka tarehe 15 Juni 1991, ulirusha juu kati ya tani milioni 15 na 20 za hewa ya kiberiti, na mwaka uliofuata dunia nzima ikapoa kwa kiasi cha nusu digrii. Wapo wataalamu waliolitazama jambo hilo wakajiuliza: ikiwa dunia inazidi kupata joto kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari, kwa nini tusipeleke kiberiti juu kwa ndege na kutandaza pazia letu wenyewe? Mwaka 2006 Paul Crutzen, mshindi wa Tuzo ya Nobel katika kemia, aliandika kwamba wazo hilo linastahili kuchunguzwa. Hakuwa mwendawazimu. Alikuwa amekata tamaa kwa kuona mataifa makubwa hayapunguzi moshi wao. Wanaoliunga mkono wana hoja ya kusikilizwa, kwamba joto nalo huua, na waathirika wa kwanza ni maskini.

Lakini Pinatubo haukupunguza joto peke yake. Mwaka 2007 Kevin Trenberth na Aiguo Dai walionyesha kwamba katika mwaka wa 1992 mvua juu ya nchi kavu ilipungua kwa kiasi kikubwa, na maji ya mito yaingiayo baharini yakapungua pia. Na utafiti ule wa Haywood wa mwaka 2013 ulikuwa na sehemu ya pili, ambayo ndiyo iliyoninyima usingizi. Pazia likitandazwa upande wa kaskazini peke yake, Sahel hukauka. Likitandazwa kusini peke yake, Sahel hupata mvua na majani huota. Maana yake ni kwamba mtu atakayekishika kiberiti hicho atakuwa ameshika pia bomba la mvua ya watu wengine. Volkano haina nia, wala hapana awezaye kuishtaki. Ndege ina mwenyewe. Siku mvua itakapokosa mahali fulani baada ya ndege hizo kuruka, nani atathibitisha kwamba ni wao, na nani atalipa?

Mazungumzo haya hayafanyiki mbali. Yamefanyika Nairobi. Mwezi Machi 2019, katika Baraza la Umoja wa Mataifa la Mazingira lililokutana Gigiri, Uswisi ilipendekeza kwamba mbinu za kuipoza dunia zichunguzwe rasmi, na mapendekezo hayo yakashindikana. Mwezi Agosti 2023 mawaziri wa mazingira wa Afrika walikutana Addis Ababa wakataka pawe na mkataba wa kimataifa wa kutotumia mbinu ya kupunguza mwanga wa jua. Mapema mwaka 2024 jambo hilo lilirudi tena Gigiri, nchi za Afrika zikasimama kidete, na pendekezo likaondolewa. Mashauri hayo yalihusu mvua ya mkulima wa Makueni na mfugaji wa Turkana, nayo yalifanyika umbali mfupi tu kutoka katikati ya jiji. Ni wangapi kati yetu tuliosikia yakijadiliwa kwa lugha ambayo mkulima huyo na mfugaji huyo wanaielewa? Mimi sikusikia, na kama nilisikia sikutega sikio, kwa kuwa nilidhani hayo ni ya watu wa Jiografia.

Sikusudii kumwambia msomaji aunge mkono au apinge mpango huo. Mawaziri wetu wamechukua msimamo, nami nauona kuwa wa busara, kwa maana asiyejua mvua ya jirani itakwenda wapi hana haki ya kuichezea. Ninalosisitiza ni kwamba msimamo wa nchi hauwezi kuwa imara ikiwa wananchi wake hawana maneno ya kuujadili. Jambo lisilokuwa na maneno katika lugha ya watu huamuliwa bila wao.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wenzangu ni dogo, wala halihitaji idhini ya wizara. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Jiografia wakae pamoja saa moja chini ya mti. Huyu alete ramani, yule alete maneno. Wawape wanafunzi insha ya kueleza, kwa Kiswahili sanifu, namna mlima ulioko Alaska ulivyoweza kukausha shamba la mtama huko Sahel. Waandike kaskazi na kusi, masika na vuli, mvuke, tabaka, pazia na kiberiti. Hapatakosekana neno gumu moja au mawili. Hayo tutayakopa kama tulivyokopa msimu na kiberiti chenyewe, maana lugha haifi kwa kukopa.

Na wanafunzi nao wasitishwe na mwalimu anayewatuma kwingine. Swali likiulizwa kwa Kiswahili, lijibiwe kwa Kiswahili, na anayeshindwa aseme kwamba atatafuta.

Mwanafunzi wangu nimekwisha kumpa jibu alipeleke darasani. Nilimwomba amweleze yule mtoto kwamba safari hii jivu la Ethiopia halina hatia, na kwamba swali lake ni kubwa kuliko alivyodhani. Nikamwomba pia amwambie kwamba dalili ya mvua bado ni mawingu, ila siku akisikia wingu limetanda juu kupita mawingu yote, iwe limetoka mlimani au limetoka kwenye ndege, aulize kwanza lina kiberiti kiasi gani, na ni nani aliyekiwasha.